Karatasi Ilale Nyumbani

Ndugu zangu, nina ombi moja, na ningependa mlisikie kabla ya maelezo yake. Karatasi yoyote inayohamisha shamba, kiwanja au nyumba ya familia, au inayomfanya mtu awe mdhamini wa deni la mwenzake, isitiwe sahihi siku ileile ilipoletwa. Ilale nyumbani usiku mmoja. Isomwe kwa sauti mbele ya watu wa nyumba hiyo, na kukicha ndipo kalamu ishikwe, au karatasi irudishwe kwa mwenyewe.

Ombi hili halihitaji bajeti wala kibali cha wizara. Linahitaji tukubaliane tu, kwa sababu mtu mmoja akiwa peke yake mbele ya meza yenye hela hawezi kulitimiza. Methali ya haraka na baraka tunaijua tangu utotoni, lakini methali haimshiki mtu mkono kalamu ikiwa tayari vidoleni.

Mambo yanavyokwenda wengi wetu tunayajua. Ni Januari, ada ya shule inadaiwa. Au mgonjwa yuko wodini na dawa ni za kununua. Au kijana ameambiwa kuna pikipiki ya bei nzuri mjini, na inaondoka leo. Dalali anafika na mnunuzi. Gari limeachwa likinguruma barabarani. Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, tena huyo ana hela zaidi ila si mtu wa kuaminika, kwa hiyo afadhali tumalizane na huyu. Mashahidi wamekwisha kupatikana, na mhuri wa mwenyekiti upo. Katika nusu saa dole gumba limegusa wino, na shamba lililofyekwa na babu limeondoka mikononi mwa wajukuu ambao siku hiyo walikuwa darasani.

Wanaouza namna hii si wajinga. Wengi ni watu makini, wanaojua kuhesabu magunia na kupima mvua. Kilichowapata ni kwamba walikuwa na shida ya kweli, na juu ya shida hiyo wakabebeshwa haraka ambayo haikuwa yao. Ada inaweza kungoja hadi Jumatatu. Aliyeshindwa kungoja hadi Jumatatu ni mnunuzi. Swali la kwanza ninaloomba tujizoeze kuliuliza, kwa adabu lakini kwa sauti, ni hili: haraka hii ni ya nani?

Nitaanza mbali kidogo na mashamba, mahali ambapo faida ya kusimama ilipimwa kwa uhai wa watu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali 8 katika nchi 8 zilijaribu utaratibu mpya wa upasuaji ulioandaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Zilikuwamo hospitali za Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi na Manila, na pamoja nazo Hospitali ya Mtakatifu Fransis ya Ifakara, kule bonde la Kilombero. Hazikuletewa mashine mpya wala dawa mpya. Zilipewa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha, na mahali patatu pa kusimama: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani.

Maswali yenyewe ni mepesi kiasi kwamba daktari mkubwa angeweza kuona anadharauliwa. Huyu mgonjwa ni nani? Tunampasua nini, na upande upi? Je, amepewa dawa ya kuzuia maambukizi katika saa moja iliyopita? Mwishoni: sindano, pamba na vyuma vimehesabiwa vikatimia? Ila jambo ninalolipenda kuliko yote ni lile la kusimama kwa pili. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Daktari bingwa anataja, mtoa dawa ya usingizi anataja, na muuguzi aliyeanza kazi wiki iliyopita anataja. Huyu wa mwisho ameshasikika mara moja. Akiona kosa baada ya hapo, kinywa chake kimekwisha kufunguka.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali zote kwa ujumla, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Utaratibu huo ulienea duniani. Lakini ni haki kusema na la pili. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipoziagiza hospitali zake zote ziutumie, utafiti uliotoka mwaka 2014 kuhusu hospitali 101 haukuona tofauti ya maana. Wataalamu wamebishana kuhusu sababu. Mimi nasadiki maelezo ya wale wanaosema kwamba karatasi inaweza kujazwa alama zote bila mtu yeyote kusimama, wala yeyote kuongea. Mahali ambapo watu walisimama kweli ndipo uhai uliokolewa.

Ndiyo maana siwaombi fomu mpya, maana fomu tunazo nyingi. Naomba kisimamo cha kweli, kilichopangwa kabla hela hazijaonekana, kikawekwa pale ambapo ukishapita hurudi tena, na ambacho ndani yake anayejua jambo lakini hana cheo anapewa zamu ya kusema.

Haraka hutunyima pia uwezo wa kuwaona watu walio mbele yetu. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha uchungaji huko Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yao ilikuwa juu ya Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugua. Wale walioambiwa kuwa wamechelewa, ni mmoja tu katika kumi aliyesimama kumsaidia. Wasioharakishwa, walisimama karibu wawili katika kila watatu. Kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuwaongezea huruma kwa kiasi cha kupimika, ila saa ndiyo iliyowatofautisha. Nikisoma habari hiyo nawafikiria baba wengi wazuri, wapole, wanaowapenda watoto wao, ambao siku ya kuuza hawakumwona hata mmoja wa watoto hao machoni pa akili. Wema walikuwa nao, ila nafasi ya kuutumia waliporwa.

Sasa twende Kisarawe. Katikati ya miaka ya 2000, dunia ilipokuwa na joto la mafuta yatokanayo na mimea, kampuni moja kutoka Uingereza ilikuja kutafuta ardhi ya kupanda mbono. Ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11. Wanakijiji waliitwa mikutanoni. Waliahidiwa ajira, visima, zahanati, barabara na shule, na sehemu kubwa ya ahadi hizo ilitolewa kwa mdomo. Ardhi ilihamishwa. Mbono ulipandwa sehemu yake tu, na mwaka 2011 shughuli zikasimama na wafanyakazi wakaachishwa. Hapo ndipo wengi walipokuja kulielewa jambo ambalo hakuna aliyewaeleza kwa utulivu siku ya mkutano: ardhi ya kijiji ikishahamishwa ikawa ardhi ya jumla, hairudi yenyewe kijijini kwa sababu mwekezaji ameondoka. Mahali walipokuwa wakichota maji na kukata kuni, na mahali palipozikwa wazee, hapakuwa tena mikononi mwao kisheria.

Sitaki kuwahukumu wale waliokuwa mkutanoni. Nimejaribu mara nyingi kujiweka mahali pao. Amekuja mgeni na maofisa wa wilaya, na nchi nzima inaimba uwekezaji. Mzungumzaji anataja zahanati, nawe una mwana anayetembea saa mbili kufuata matibabu. Nani angesimama aseme, "Tupeni mwezi mmoja"? Lakini sheria ilikuwa imewapa zaidi ya mwezi mmoja! Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka tangazo la kuhamisha ardhi ya kijiji litolewe siku zisizopungua 90 kabla ya uhamisho, na inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, uwe na kauli. Eneo likiwa chini ya hekta 250, ni mkutano huo unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kupata mapendekezo yao. Siku 90 ni muda wa kutosha kumwita mwanasheria, kutuma wajumbe watano kwenye kijiji kingine kilichopata mwekezaji, na kudai kila kisima kiandikwe: kitachimbwa wapi, lini, na kisipochimbwa itakuwaje. Waliotunga sheria waliujua udhaifu wetu sote mbele ya ahadi, wakatutengenezea kituo cha kusimama. Tukakipita kama hatukukiona.

Na sheria hizo hazikuishia kwa wawekezaji wakubwa. Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Haki ya kimila juu ya shamba haihamishwi kwa mtu mwingine kimyakimya. Halmashauri ya Kijiji inapaswa kuridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wenzetu wa Kenya wana bodi za udhibiti wa ardhi tangu mwaka 1967, na mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyopata kibali cha bodi hayana nguvu. Kanuni zote hizi ukizisoma kwa pamoja, zinasema neno moja kwa muuzaji: ngoja kwanza, kuna mwingine wa kuulizwa. Tumezoea kuziita urasimu. Urasimu upo, na unachosha, na wapo wanaoutumia kuomba rushwa. Lakini ridhaa ya mke si urasimu. Mama aliyelima shamba hilo misimu ishirini anajua juu ya udongo wake mambo ambayo mume hayajui.

Kuna hesabu moja ambayo usiku mmoja unatosha kabisa kuifanya, na laiti ingefanywa katika kila nyumba ya Chanika, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja cha 20 kwa 20, kama vinavyouzwa pembezoni mwa Dar es Salaam, ni mita za mraba 400. Ekari moja, ukitoa njia za kupita, inatoa viwanja vinane hivi. Anayeuza kwa ekari anauza viwanja vinane kwa bei moja, na mnunuzi mara nyingi anajua hivyo tangu alipowasha gari kwao. Si dhambi kununua kwa ekari na kuuza kwa viwanja, kwani mnunuzi huyo hulipia upimaji, hukaa na mtaji wake miaka, na anaweza kupata hasara. Lakini mwenye shamba ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla ya kutaja bei, na mara nyingi anayeweza kumfanyia ni mtoto wake wa darasa la saba, aliyefunzwa eneo la mraba shuleni na ambaye hakuna aliyemwita mezani. Baada ya hesabu hiyo huenda familia ikaamua kuuza robo ekari badala ya ekari nzima, ada ikalipwa, na shamba likabaki.

Hii ndiyo kazi ya usiku ninaouomba. Si usiku wa kulala tu. Karatasi isomwe kwa sauti, neno kwa neno, na mwenye macho mazuri zaidi. Majina ya wauzaji na wanunuzi ni yao kweli? Mipaka imeandikwa kwa majina ya majirani, au imeandikwa "kama ilivyooneshwa"? Kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na yanalingana? Kama malipo ni kwa awamu, awamu ya pili isipokuja inakuwaje? Halafu kila aliyepo aseme jambo moja, akianza mdogo kuliko wote na kumalizia mwenye nyumba. Nasisitiza mpangilio huu. Baba akianza kusema, wengine wote watasema yale ya baba, kwa heshima. Akimaliza yeye, atakuwa amesikia. Bibi naye asisahaulike, maana mara nyingi ndiye pekee anayekumbuka kwamba kipande cha bondeni tuliazimwa na ukoo mwingine na si chetu cha kuuza.

Kwa mnunuzi nina neno lilelile, na ninalisema kwa upendo. Usiku huo unakulinda wewe pia. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili ni habari tunayoisikia kila mwaka, na anayeumia zaidi ni yule aliyelipa haraka. Uliza majirani wa mpaka wote, si yule mmoja uliyetambulishwa. Kama ardhi imesajiliwa, fanya upekuzi ofisi ya msajili wa hati kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Muuzaji anayekukatalia siku moja ya kuuliza amekwisha kukujibu. Na shamba ulilolinunua huku mke wa muuzaji akiwa ameridhia na watoto wake wanajua, utalilima kwa amani. Mabaraza yetu ya ardhi, kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake, yangekuwa na kazi nyepesi mno kama kila mauzo yangepitia usiku mmoja wa namna hii.

Najua kuna anayesoma hapa akiwa na mgonjwa ndani, anajiuliza kama namwambia asubiri. Simwambii hivyo hata kidogo. Yako mambo ambayo kuchelewa kunaua, na katika hayo taifa letu limezika watu wengi. Watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika mwaka 1994 juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua kina mama katika uzazi: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Tazameni ule wa kwanza. Mama anatokwa damu, na nyumbani wanasubiri mume arudi, au mama mkwe aseme, au shemeji apatikane kwa simu. Hapo kila dakika ni mali ya mama huyo, na hakuna mwenye haki ya kuikalia.

Lakini angalieni pia jinsi wauguzi wa kliniki wanavyolitatua. Mimba ikiwa changa bado, wanamwuliza mama na mwenza wake: utajifungulia wapi, usafiri wa usiku ni wa nani, hela ya dharura iko wapi, nani atachangia damu, nani ataruhusu uondoke kama mume hayupo? Wanayaamua hayo polepole, mchana, watu wakiwa wametulia, ili usiku wa dharura pasiwe na la kuamua zaidi ya kubeba kanga na kutoka. Kwa ardhi ni vivyo hivyo. Familia iliyoketi Agosti ikaamua kwamba ardhi haiuzwi kwa ajili ya ada, na kwamba kila mwezi kuna kiasi kinakwenda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, haitayumbishwa na dalali wa Januari. Na ile ambayo haina uwezo huo, ambayo kweli itauza, iamue mapema itauza kipande kipi na kwa bei isiyopungua ipi. Dalali akija atakuta jibu limeshakaa.

Sijazungumzia sana mikopo ya simu, kwa sababu imesemwa na wengi, ila ombi langu linaihusu. Tumeipa jina la kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo mkopo wa simu, wenye leseni au usio nayo, umetengenezwa uchukuliwe kabla mtu hajamaliza kufikiri, akiwa peke yake, mara nyingi usiku. Mwenzio mmoja tu akijua kabla hujabonyeza, umepata kisimamo. Mwambieni mtu. Hata dada wa jirani.

Na udhamini, ndugu zangu. Mtu anakuja na fomu ya benki, anasema, "Weka sahihi tu, ni utaratibu." Ni utaratibu wa wewe kulipa asipolipa. Kumwambia mwenzio, "Niachie fomu, nitakujibu kesho," hakuvunji undugu. Ninyi maofisa mikopo mnajua vizuri kuliko mimi ni wadhamini wangapi waliosaini wakiwa wamesimama, mkoba begani. Wapeni kiti. Wapeni nakala ya kwenda nayo nyumbani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mkopaji wa kawaida ana siku 14 za kubadili mawazo baada ya kusaini, na benki zao hazijafa. Mnaweza kuanza na siku moja kabla.

Wazee wa makanisa na misikiti, mna sauti ambayo wengine hatuna. Wakati wa mavuno na mwanzoni mwa mwaka, mnapotangaza ndoa na misiba, ongezeni sentensi moja kuhusu karatasi kulala nyumbani. Vijana mlio mjini, mnaowapigia wazazi simu kuwaambia wauze kipande mpate mtaji, nendeni nyumbani kwanza. Tembeeni mipaka kwa miguu pamoja na baba, mkiwa na jirani wa kila upande. Mkishaitembea ndipo mseme habari ya mtaji. Huenda bado mtauza, na huenda itakuwa sawa kabisa kuuza.

Ila ombi langu zito zaidi nimewawekea wenyeviti wa vijiji na wa mitaa, pamoja na watendaji. Mhuri uko kwenu. Mwenye shida hana nguvu ya kumkatalia mnunuzi. Mzee aliyekuja na dole gumba lake hawezi kusema "kesho" mbele ya watu watano wanaomtazama. Ninyi mnaweza kulisema neno hilo kwa niaba yake, na hakuna atakayemlaumu yeye, maana ni utaratibu wa ofisi. Mkifanya hivyo mtakosa marafiki fulani. Mtapata wanakijiji wasiotaka kuwatazama pembeni miaka kumi baadaye.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kijiji kina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Hadi hapo itakapoidhinishwa, makubaliano ya mkutano yanatosha kuanzia. Maneno yake yanaweza kuwa machache: "Ofisi hii haishuhudii mauzo ya ardhi siku karatasi ilipoletwa. Njooni kesho, muuzaji akiwa na mwenza wake na mtu mzima mwingine wa nyumba yake, na karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya sahihi." Anayeandaa ajenda za mkutano ujao aiweke hoja hii mapema, mbele ya mengineyo, watu wakiwa bado wamekaa.